Sauti Mpya, Sura Ileile: Kuboresha Redio ya Gari la Zamani Bila Kuharibu Dashibodi

Redio ya gari la zamani ni sehemu ya umbo la gari lenyewe, kwa sababu waliobuni dashibodi waliipangia nafasi yake, rangi ya vifundo vyake na mwanga wa kioo chake ili vilingane na saa, vipimo vya mwendo na mbao au plastiki iliyoizunguka. Mmiliki wa Mercedes-Benz ya kizazi cha W123, kilichozinduliwa mwaka 1976, anapoing'oa redio ya Becker iliyotoka nayo kiwandani na kuweka mtambo wa kisasa wenye kioo cha rangi nyingi, hupata sauti safi zaidi lakini huvunja ulinganifu huo, na pengine huacha matundu yasiyozibika. Hata hivyo, gari linaloendelea kutembea barabarani linastahili sauti inayosikika vizuri, na mwenye gari ana haki ya kusikiliza muziki uliomo katika simu yake. Mambo haya mawili yanaweza kupatanishwa iwapo kanuni moja itazingatiwa tangu mwanzo: kinachoonekana kibaki kama kilivyo, kilichofichika ndicho kiboreshwe, na kila badiliko liwe la kuweza kuondolewa bila kuacha alama.

Umbo la redio lilivyokua

Kanuni hiyo si ngeni katika historia ya redio za magari. Mwaka 1930 kampuni ya Galvin ya Chicago, ambayo baadaye ilichukua jina la Motorola, ilitoa redio ya 5T71, mojawapo ya redio za kwanza za gari kupata soko kubwa nchini Marekani, na mwaka 1932 kampuni ya Blaupunkt ya Berlin ikatoa Autosuper AS 5 kwa soko la Ulaya. Redio hizo zilitumia vali, yaani mirija ya kioo isiyo na hewa inayokuza mawimbi kwa kutumia umeme wa volti nyingi, na kwa hiyo zilikuwa kubwa na nzito kiasi cha kutoweza kukaa ndani ya dashibodi. Sanduku la AS 5 lilifichwa kwingine garini, na dereva aliiongoza kwa kidude kidogo kilichofungwa kwenye mhimili wa usukani. Kutenganisha sehemu inayoguswa na sehemu inayofanya kazi, jambo ambalo mafundi wa leo hulitumia kuokoa dashibodi za kale, kulianza pamoja na redio zenyewe.

Vali zilipoachia nafasi transista, ambazo ni ndogo na hutumia umeme kidogo, redio nzima iliweza kuingia ndani ya dashibodi kwa urahisi zaidi. Umbo lililotawala kwa miaka mingi lilikuwa la vifundo viwili, kimoja kushoto cha sauti na kingine kulia cha kutafuta stesheni, vikiwa na kioo chenye namba katikati. Kanda ya kaseti, iliyozinduliwa na Philips mwaka 1963, iliongeza mlango wa kutumbukizia kanda, na katika miaka ya 1980 viwanda vilikubaliana juu ya kipimo kimoja cha redio chenye upana wa milimita 180 na kimo cha milimita 50, ambacho bado kinatumika. Tatizo kubwa la magari yaliyotangulia kipimo hicho linatokea hapa, kwa kuwa redio ya kisasa ya kipimo hicho haiingii katika nafasi ya vifundo viwili mpaka chuma au mbao ya dashibodi ikatwe, na dashibodi iliyokatwa hairudi tena.

Kwa nini redio ya zamani hufifia

Kabla ya kubadilisha chochote, inafaa kujua kama redio iliyopo imekufa au imechoka tu. Ndani yake mna kapasita, vifaa vidogo vinavyohifadhi umeme kwa muda mfupi na kuulainisha, na aina yenye majimaji hukauka baada ya miongo kadhaa, hata kama redio haikuwashwa. Dalili zake ni mvumo wa chini usiokoma, sauti hafifu au stesheni zinazohamahama. Mkanda wa mpira unaozungusha kaseti hulegea au kuyeyuka, uzi unaovuta mshale wa stesheni hukatika, na karatasi ya spika hupasuka kwa jua na vumbi. Fundi redio mwenye subira anaweza kurekebisha yote hayo kwa gharama ndogo, na mara nyingi mwenye gari hugundua kuwa alichokidhania kuwa udhaifu wa redio kilikuwa uzee wa spika.

Sababu nyingine iko hewani. Ujerumani ilifunga mitambo ya mwisho ya redio yake ya umma katika masafa ya kati kufikia mwisho wa mwaka 2015, na Norwei ikaziondoa stesheni za kitaifa katika FM mwaka 2017 na kuzihamishia kwenye matangazo ya kidijitali, hivyo redio iliyo nzima kabisa huweza kubaki na machache tu ya kupokea. Afrika Mashariki inakutana na tatizo linalofanana na hilo kwa njia nyingine. Magari mengi yaliyotumika huletwa kutoka Japani, ambako redio za FM zilitengenezwa kwa masafa ya megahezi 76 hadi 90, ilhali stesheni za Kenya, Tanzania na Uganda hutangaza kati ya 87.5 na 108. Kifaa kidogo cha kuhamisha masafa, kinachofungwa kati ya antena na redio, huishusha stesheni ya megahezi 100, kwa mfano, hadi 80, ili redio iweze kuipokea. Kifaa cha namna hiyo hakifikishi stesheni zote, kwa kuwa redio bado ina upana wa megahezi 14 tu, lakini kinairuhusu redio ya asili ibaki mahali pake.

Njia za kuingiza sauti mpya

Njia nyepesi kuliko zote ni kisambazaji kidogo cha FM, ambacho hupokea muziki kutoka kwenye simu kwa Bluetooth na kuurusha kama stesheni ndogo. Kile kinachochomekwa kwenye tundu la kiberiti cha sigara hushindana na stesheni halisi, na mjini sauti yake huingiliwa kwa urahisi. Kile kinachounganishwa kwa waya kwenye njia ya antena hufanya kazi vizuri zaidi na huweza kufichwa nyuma ya dashibodi. Aina zote mbili, hata hivyo, hubanwa na ubora wa FM na hazisaidii redio isiyo na FM.

Njia ya pili humtaka fundi aifungue redio na kuingiza sauti ya simu mahali mawimbi ya sauti ya redio yanapofika kwenye kifundo cha sauti, baada ya stesheni kuchaguliwa na kabla ya nguvu kuongezwa. Swichi ndogo iliyofichwa huchagua kati ya redio na simu, na kifundo kilekile huendelea kupandisha na kushusha sauti. Kazi hii huongeza waya chache tu, na ikifanywa kwa uangalifu huweza kuondolewa bila dalili. Katika redio za vali inapaswa kuachiwa fundi mzoefu peke yake, kwa kuwa umeme wa ndani huweza kuzidi volti 200 na unaweza kubaki kwenye kapasita hata baada ya redio kuzimwa.

Njia ya tatu ni kutoa bodi yote ya umeme ya asili na kuweka bodi mpya ndani ya sanduku lilelile, ikiongozwa na vifundo vya zamani. Kwa nje hakuna kinachobadilika, na ndani hupatikana FM safi, Bluetooth na amplifaya, yaani kifaa kinachoongeza nguvu ya mawimbi ya sauti ili yaweze kuendesha spika. Udhaifu wake ni kwamba redio ya asili hupoteza kiini chake, na kwa hiyo njia hii inafaa zaidi kwa redio iliyokwisha kuharibika kuliko ile adimu ambayo bado inafanya kazi.

Njia ya nne huiacha redio ya asili bila kuguswa, ikiwa pambo au ikiendelea kupokea stesheni zake, huku amplifaya yenye Bluetooth ikifichwa chini ya kiti au katika buti na kuongozwa kwa simu. Kwa gari lenye redio adimu, hii ndiyo njia yenye heshima kuliko zote. Baadhi ya viwanda vimetambua hitaji hili pia: Porsche ilitoa mwaka 2020 mtambo uitwao Porsche Classic Communication Management, unaoingia katika nafasi ya redio ya magari yake ya zamani na ambao sura na vifundo vyake vimebuniwa kulingana na dashibodi hizo.

Spika na umeme

Spika ndizo zinazobadilisha sauti zaidi kwa fedha chache, lakini hazichaguliwi kwa ukubwa pekee. Kila spika ina kiwango cha ukinzani, yaani jinsi inavyouzuia umeme kupita, kinachopimwa kwa omu. Spika nyingi za magari ya leo zina omu 4, ilhali redio nyingi za Delco zilizofungwa katika magari ya General Motors zilihitaji omu 10. Spika yenye omu chache mno huifanya redio ya zamani itoe umeme kupita uwezo wake na huweza kuziunguza transista zake. Spika mpya zifungwe katika matundu ya asili, nyuma ya wavu wa asili, na pale ambapo hapana tundu, sanduku dogo la spika chini ya kiti ni bora kuliko kukata mlango.

Umeme nao unahitaji hesabu. Amplifaya yenye njia nne za wati 50 hutoa jumla ya wati 200. Ikiwa asilimia 80 ya umeme inaouchukua ndiyo inayofika kwenye spika, huhitaji wati 250, ambazo kwa volti 13.8 ni ampea zipatazo 18. Jenereta ya Lucas C40, iliyotumika katika magari mengi ya Uingereza ya miaka ya 1960, hutoa ampea 22 tu, na taa, moto wa injini na betri hutegemea umeme huohuo. Muziki wa kawaida hauhitaji nguvu hizo zote kwa mfululizo, lakini amplifaya ndogo ya kiasi inalifaa zaidi gari kama hilo. Waya wake utoke moja kwa moja kwenye betri ukiwa na fyuzi karibu kabisa na betri, ili ukikwaruzwa na kugusa bodi ya gari usiwashe moto, na waya za sauti zipite mbali nao ili mlio wa jenereta usiingie kwenye spika.

Aidha, magari mengi ya Uingereza ya zamani yaliunganisha ncha chanya ya betri na bodi, kinyume cha ilivyo sasa, na mengine, kama Volkswagen za zamani, yalitumia volti 6. Kifaa cha kisasa kikifungwa humo bila kibadilishaji cha umeme kinachokitenga na bodi kinaweza kuungua mara moja au kisifanye kazi kabisa.

Kanuni ya kurudi nyuma

Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, katika mkataba wake ujulikanao kama Mkataba wa Turin, linashauri kwamba mabadiliko ya lazima yafanywe kwa namna isiyovuruga muundo na mwonekano wa asili, na ikiwezekana yawe ya kuondoleka. Ushauri huo haulindi makumbusho peke yake. Gari zuri la kale huishi zaidi ya mmiliki mmoja, na kila anayelichukua hurithi matundu yaliyotobolewa na aliyemtangulia. Kwa sababu hiyo, hatua zifuate mpangilio: kwanza redio ipimwe na kutengenezwa, kisha spika zibadilishwe katika matundu yaleyale, halafu sauti ya simu iingizwe, na amplifaya iliyofichwa iwe ya mwisho. Picha zipigwe kabla waya wowote haujafunguliwa, waya mpya zitumie viunganishi badala ya kukata zile za kiwandani, na sehemu zilizotolewa zihifadhiwe zikiwa na lebo pamoja na mchoro wa kazi iliyofanyika. Fundi anayekubali masharti haya ndiye anayestahili kukabidhiwa gari. Anayeanza kwa kuomba msumeno na atafutiwe kazi nyingine.