Damu Husema ya Mwezi, Mfupa Husema ya Miaka

Ukipimwa madini ya risasi katika damu, majibu unayopewa ni ya wiki chache zilizopita. Nusu ya risasi iliyomo katika damu huwa imeondoka baada ya mwezi mmoja hivi: nyingine hutoka na mkojo, nyingine huhamia mifupani na kutulia huko. Mwili huichukulia risasi kama kalsiamu, hivyo huijenga ndani ya mfupa bila kujua. Kwa mtu mzima, zaidi ya asilimia 90 ya risasi yote aliyonayo imo mifupani. Kwa mtoto ni kama asilimia 70. Katika mfupa mgumu kama wa muundi, huchukua miongo ya miaka kupungua kwa nusu. Fundi wa Karatina aliyeacha kuyeyusha betri kuukuu miaka mingi iliyopita anaweza kupimwa damu akaambiwa hali si mbaya, ilhali sehemu kubwa ya shehena bado anaitembeza mifupani.

Si mafundi peke yao. Kenya, pamoja na nchi nyingine za Afrika kusini mwa Sahara, iliachana na petroli yenye risasi kufikia Januari 2006, baada ya makubaliano ya Dakar ya Juni 2001. Aliyezaliwa Nyeri mjini mwaka 1985 alivuta moshi wa petroli hiyo kwa miaka 20 ya mwanzo ya maisha yake. Kweli, Nyeri haikuwa na msongamano wa Nairobi, na malori ya dizeli hayakuwa na risasi katika mafuta yake. Lakini wanaokumbuka stendi zikiwa zimejaa Pijo 504 za petroli, injini zikinguruma zikisubiri abiria, wanajua moshi ulikuwa karibu kiasi gani na pua ya mtoto. Kuna pia rangi za zamani zinazobanduka kwenye madirisha, na sufuria za alumini zinazosubiwa kutokana na vyuma chakavu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulichunguza vyombo vya aina hiyo kutoka nchi 10, Kenya na Tanzania zikiwemo, na ukakuta baadhi vikiachia risasi katika mapishi ya majaribio.

Kuipima risasi ndani ya mfupa wa mtu aliye hai kulianza Sweden katika miaka ya 1970, kwa kazi ya Lars Ahlgren na wenzake. Mbinu iliyokuja kuenea baadaye hutumia chembe ya kadimiamu-109 yenye mnururisho, na mpimwaji hukaa tuli karibu nusu saa. Kadimiamu hiyo hupoteza nusu ya nguvu zake kila baada ya siku 462, kwa hiyo lazima inunuliwe tena na tena. Kihisio cha mbinu hiyo, cha jemaniamu, hupozwa kwa naitrojeni ya majimaji. Mfugaji wa Othaya anaifahamu naitrojeni hiyo, maana ndiyo iliyo ndani ya mtungi wa daktari wa kupandikiza mbegu (AI), inayotunza mbegu za fahali. Lakini maabara yenye mambo hayo yote haibebeki hadi Naro Moru.

Kifaa kipya kinabebeka. Kina umbo la drili ya fundi seremala, na ni jamaa wa kile wanachotumia wanunuzi wa dhahabu na wakaguzi wa rangi. Mwaka 2011 Linda Nie wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, na wenzake walichapisha ushahidi kwamba kinaweza kusoma risasi ya mfupa kupitia ngozi. Tangu hapo Aaron Specht na wengine wamekiboresha. Ndani mna mrija mdogo wa eksirei wa kilovolti zisizozidi 50. Miale ikigonga atomu ya risasi, hung'oa elektroni ya tabaka la ndani. Elektroni ya nje hushuka kuziba pengo, na katika kushuka hutoa eksirei yake yenyewe, yenye nishati isiyobadilika. Kwa risasi hutafutwa miale miwili, wa kiloelektronivolti 10.5 na wa 12.6. Aseniki nayo hutoa mwale wa 10.5, ndiyo maana mpimaji makini huuamini zaidi ule wa 12.6.

Kazi yenyewe haina makeke. Mpimwaji huketi, mguu ukiwa umetulizwa. Muundi hupanguswa kwa spiriti, kwa sababu vumbi la gereji likibaki juu ya ngozi litahesabiwa kana kwamba limetoka mfupani. Pua ya kifaa huwekwa katikati ya muundi, pale ambapo ukijipapasa unaugusa mfupa karibu kabisa, na mguu hautikiswi kwa dakika 3 hadi 5. Kwenye skrini huchomoza kilele kirefu cha strontiamu, ambayo kila mfupa wa binadamu unayo, na kando yake, ikiwepo, tuta dogo la risasi. Mnururisho anaoupata mtu kwa mwili mzima ni mdogo kuliko wa picha moja ya kifua. Hata hivyo, hiki ni chombo cha eksirei, na nchini kinahitaji kibali chini ya Sheria ya Udhibiti wa Nyuklia ya 2019. Asije mtu akakodisha cha mnunuzi wa dhahabu akaanza kupima majirani! Kwanza hakitampa jibu la kuaminika: kwa mfupa, kifaa husawazishwa upya kwa vipande vya plasta ya Paris, ile ile ya kufungia mguu uliovunjika, vilivyochanganywa na risasi ya vipimo vinavyojulikana.

Tatizo kubwa ni nyama. Mwale wa 12.6 ni dhaifu, na kila milimita ya nyama juu ya mfupa huumeza sehemu. Mguu wenye milimita 2 na wenye milimita 6 si mguu mmoja, hivyo unene lazima ujulikane ili hesabu irekebishwe. Risasi ikiwa mikrogramu chache tu kwa gramu ya mfupa, jibu la mtu mmoja linaweza kupotelea katika kosa la kipimo. La watu 200 kwa pamoja bado lina maana. Kwa maoni yangu hapo ndipo mahali pake: kulinganisha mafundi wa betri na wauza mboga wa soko moja. Anayeumwa tumbo leo kwa sumu ya risasi anahitaji kipimo cha damu, na anakihitaji leo.

Kuna mahali pengine mfupa ungefaa, nako ni mahakamani. Kiwanda cha kuyeyusha betri kilianza kazi kando ya kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, mwaka 2007 na kikafungwa 2014. Mwanaharakati Phyllis Omido alipigania wakazi hadi akatunukiwa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015. Julai 2020 mahakama iliwapa wakazi shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufaa ikaitengua fidia hiyo, na Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Katika muda wote huo damu za watu zilikuwa zikibadilika mwezi hadi mwezi. Mfupa haubadiliki kwa kasi hiyo. Mfanyakazi anayedai fidia miaka 10 baada ya kuacha kazi angekuwa na shahidi wake mwilini.

Shehena hiyo pia haikai kimya milele. Mimba, kunyonyesha, kukoma kwa hedhi na kukaa kitandani muda mrefu huufanya mwili uchote kalsiamu mifupani, na risasi hutoka nayo. Katika miaka ya 1990 mtafiti Brian Gulson aliwafuatilia wahamiaji wanawake nchini Australia, ambao risasi ya makwao ilitofautishika na ya huko, akaona ile ya zamani ikirudi katika damu wakati wa ujauzito. Jijini Mexico, wajawazito waliopewa miligramu 1,200 za kalsiamu kila siku walikuwa na risasi ya damu pungufu kwa takriban asilimia 11. Wajawazito hawapimwi mfupa kwa eksirei hadi wajifungue. Kwa hiyo, mama, ikiwa uliwahi kufanya kazi au kuishi penye betri zinazoyeyushwa, hata kama ni zamani, mwambie muuguzi wa kliniki siku ya kwanza, uombe kipimo cha damu, na uulize kuhusu kalsiamu.