Pia ya goti nayo inahitaji damu

Kaa, nyoosha mguu, legeza misuli ya paja, halafu isukume pia ya goti lako kwa kidole. Inacheza kushoto na kulia, sivyo? Mfupa huu umeshikwa ndani ya kano linalotoka kwenye msuli mkubwa wa paja hadi kwenye muundi. Sasa damu yake inatoka wapi?

Fikiria kipilefti. Kuizunguka pia kuna pete ya ateri ndogo, na barabara zinazoingia kwenye pete hiyo ni kama sita: moja inashuka kutoka pajani, mbili ziko upande wa ndani wa goti, mbili upande wa nje, na moja inapanda kutoka muundini. Kutoka hapo vimishipa huingia mfupani hasa katikati ya uso wa mbele na kwenye ncha ya chini. Scapinelli aliueleza mpangilio huu mwaka 1967. Kwa kuwa damu nyingi hupanda kutoka chini, pia ikivunjika katikati, kipande kilicho hatarini kufa ni cha juu.

Tuingie chumba cha upasuaji. Gegedu limelika, mgonjwa anawekewa goti bandia. Njia iliyozoeleka ni kupasua kando ya pia, upande wa ndani, na hapo barabara za ndani zinakatwa. Meniski ya nje ikitolewa, ateri ya nje ya chini inaweza kwenda nayo, maana imepita jirani kabisa. Mafuta yaliyo nyuma ya kano yakiondolewa yote, vimishipa vya ncha ya chini navyo vinaumia. Kipilefti sasa kinategemea zaidi ateri moja, ile ya nje ya juu.

Halafu linakuja tatizo. Wakati mwingine pia haipiti vizuri kwenye goti jipya, inavutwa kwenda nje. Dawa ya siku nyingi ni kukata tishu zilizokaza upande wa nje, na humo humo ndimo inamopita ile ateri iliyobaki. Yaani daktari anaweza kuinyoosha njia ya pia huku akiinyima damu.

Kwa hiyo kabla ya kukata, daktari hukagua kama vipande vya chuma vimewekwa kwa mzunguko sahihi, kwa sababu kosa la hapo ndilo mara nyingi huivuta pia nje. Pia hulegeza ule mkanda unaobana paja kuzuia damu, kwani huushika msuli na kuifanya pia ionekane imepinda kumbe haijapinda. Mimi hii naipenda, haigharimu chochote! Ikibidi kukata, ateri hutafutwa na kuachwa salama. Wengine huuinua msuli wa paja badala ya kuupasua.

Pia inapofunikwa kwa plastiki, unene wa mfupa unaobaki nao una maana. Wengi hujitahidi usipungue milimita 12, na hupendelea vijino vitatu vidogo kuliko kimoja kikubwa katikati, kinachochimba mfupa zaidi.

Skeni za mifupa zimeonyesha kwamba pia inaweza kupungukiwa damu baada ya upasuaji na mgonjwa asihisi chochote. Wachache ndio hupata maumivu ya mbele ya goti, au pia inapasuka miezi kadhaa baadaye bila hata kuanguka. Kuiunga tena ni kazi ngumu, mfupa umeshakuwa mwembamba na damu ni haba, ndiyo maana mipasuko mingi ya aina hii huachwa ipone bila kisu, mradi mgonjwa bado anaweza kuunyoosha mguu.