Mlinzi Aliye Ndani ya Jiwe la Kurunzi

Wanachama wengi sasa hutumia kurunzi za mawe ya kuchaji, na malalamiko ni yale yale: usiku wa kulinda karafuu jamvini, taa huzima ghafula bila ya kufifia kwanza, na jiwe huonekana limekufa. Twaomba lisitupwe.

Mawe haya ni ya lithiamu, na mengi yake yana nikeli pia, madini kama yale ya Kabanga, wilaya ya Ngara, ambayo Serikali ya Muungano ilitia saini mkataba wa kuyachimba mwaka 2021. Jiwe likijaa hufika volti 4.2. Likilazimishwa kupita hapo huweza kushika moto. Likinyonywa chini ya volti 2.5 huharibika ndani, na kulichaji tena ni hatari. Basi mengine huwekewa kibao cha duara kitakoni, chini ya ganda la plastiki. Volti zikishuka mno, au funguo za mfukoni zikiunganisha ncha zake mbili, kibao hukata umeme. Litieni katika chaja. Mara nyingi huamka. Likikataa, msilishurutishe.

Wapo mafundi wanaokibandua kibao ili kurunzi iwake kitambo zaidi. Huko ni kumfukuza mlinzi ghala ikiwa imejaa.

Jiwe la 18650 lisilo na kibao lina urefu wa milimita 65; lenye kibao huzidi kidogo. Na lile lililoandikwa 9900 ni uongo mtupu, kwani hata yaliyo bora hayafiki nusu yake. Chaja isiwekwe juu ya magunia.