Kompyuta Iliyokataa Kuamka

Katika soko la Nyamache, penye vilima vya majani chai vya Bobasi, duka la saiba ni afisi ya watu wasio na afisi: humo mwalimu huwasilisha hesabu ya kodi yake kabla ya tarehe 30 Juni kupita, na mzazi huomba cheti cha mwanawe kwa njia ya eCitizen. Mwenye duka aliyenunua kompyuta za mitumba, asiyekuwa na fedha za leseni, hana msaada ulio nafuu kuliko Linux, mfumo alioanzisha Linus Torvalds mjini Helsinki mwaka 1991, ambao hautozi mtumiaji hata senti. Lakini akiisha kukubali sasisho la kiini cha mfumo huo jioni, na asubuhi akakuta skrini nyeusi yenye maandishi meupe, hushikwa na fadhaa, na fundi wa kwanza kuitwa yamkini atamwambia kwamba diski imekufa na haina budi kufutwa. Hukumu hiyo naipinga kwa moyo wangu wote, kwa maana aghalabu nyaraka zote zimo humo salama salimini.

Umeme uingiapo, programu iliyomo katika ubao wa mashine, ambayo siku hizi ni UEFI, huamka kwanza na kuitafuta GRUB, nayo GRUB ni mithili ya bawabu wa jumba: ina orodha ya viini vilivyomo, hukichagua kimoja, kisha hukipakia pamoja na faili ya initramfs, yenye viendeshi ambavyo kiini hakiwezi kuifungua diski bila ya hivyo. Sasisho huandika faili hizo katika folda ya /boot na kuitengeneza upya orodha. Basi kazi hiyo ikikatizwa katikati, kiini kipya hubaki pungufu. Hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa kompyuta ya mezani isiyo na betri, hasa nchini Kenya, ambako tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu kila mahali usiku mzima. Sababu ya pili ni folda yenyewe kujaa, maana pale ambapo /boot imetengewa sehemu yake ndogo, viini vikuukuu hurundikana hata initramfs mpya ikakosa nafasi.

Rehema iliyopo ni kwamba Ubuntu, mojawapo ya matoleo ya Linux, na jamaa zake hawakiondoi kiini cha zamani pindi kipya kiingiapo. Mwenye mashine na aizime, aiwashe tena, na mara tu nembo ya kampuni ionekanapo abonyeze Esc, au ashikilie Shift kama mashine ni ya zamani, hata orodha ya GRUB itokee. Kisha aingie katika mstari wa chaguo za ziada, ateue kiini chenye namba ndogo, na mara nyingi mashine itaamka kama kawaida yake. Akiisha kuingia, atazame nafasi iliyobaki kwa amri ya df -h, amalizie kazi iliyokatizwa kwa sudo dpkg --configure -a, aondoe viini visivyohitajika kwa sudo apt autoremove, kisha aandike orodha upya kwa sudo update-grub.

Ikiwa orodha haikutokea kabisa, bali maneno grub rescue peke yake, basi aliyepotea ni bawabu mwenyewe. Hapo huhitajika flashi iliyotiwa Ubuntu, ambayo kwayo mashine huwashwa bila ya kuigusa diski; nyaraka hunakiliwa kwanza, ndipo GRUB hurudishwa kwa grub-install. Mteja ana haki ya kumwuliza fundi kama amepitia hatua hizi kabla ya kumkabidhi diski yenye barua na picha za miaka yote.

Na si kila mara kosa huwa la Linux. Mnamo Agosti 2024 sasisho la Windows kutoka Microsoft lilizifanya baadhi ya mashine zenye mifumo miwili zikatae kuipakia Linux, zikidai kwamba sera ya usalama imevunjwa. Dawa ilikuwa kuizima kinga iitwayo Secure Boot katika mipangilio ya UEFI, kuingia Linux na kuifuta sera ile kwa amri ya mokutil, kisha kuiwasha upya Secure Boot. Wala hapakuwa na haja ya kufuta hata faili moja ya mwenye mashine.