Shilingi ya Waziri na Mkopo wa Kijana

Kila mwaka, kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, Bunge la Tanzania hukaa Dodoma kujadili bajeti, na redioni husikika kauli ambayo wengi wetu huicheka: mbunge anasimama na kusema atashika shilingi ya mshahara wa Waziri. Hakuna anayekatwa kipato. Ni namna ya kibunge ya kusema kwamba maelezo ya wizara hayajatosha, na fungu hilo lisipite kimyakimya. Mara nyingi Waziri hutoa ahadi, mbunge hurudisha shilingi, shughuli zinaendelea. Ahadi hizo zinawagusa vijana wa parokia zetu kuliko wanavyodhani, hasa waliomaliza kidato cha sita na sasa wanangoja mkopo wa chuo, au mtaji wa kuanzia kazi.

Kwanza tuelewe mipaka ya mbunge. Ibara ya 63 ya Katiba inalipa Bunge kazi ya kuisimamia Serikali kwa niaba yetu. Lakini Ibara ya 99 inamzuia mbunge kupeleka mwenyewe pendekezo la kuongeza kodi au matumizi. Jambo hilo lazima litoke serikalini. Kwa hiyo mbunge wetu akirudi jimboni na kusema ameongeza fedha za mikopo ya wanafunzi, tumwelewe vizuri: ameomba, ameshauri, pengine amebana. Tena Ibara ya 90 inamruhusu Rais kulivunja Bunge likikataa bajeti ya Serikali. Ukijua hilo, hutashangaa kwamba shilingi hurudishwa haraka.

Nguvu kubwa ya Bunge, kwa maoni yetu, iko kwenye kamati, na hasa baada ya fedha kutumika. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali humkabidhi Rais ripoti mwishoni mwa Machi, nayo lazima iwasilishwe bungeni ndani ya siku saba tangu kikao kinachofuata kianze. Hapo Kamati ya Hesabu za Serikali, na ile ya Hesabu za Serikali za Mitaa, huwaita maofisa masuuli na kuwauliza fedha zilikwenda wapi.

Mfano mzuri ni mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri. Kwa miaka mingi ilikuwa agizo tu: halmashauri ikitaka inatenga, isipotaka inasingizia makusanyo hafifu. Mwaka 2018 Bunge liliongeza kifungu cha 37A katika Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, na agizo likawa wajibu. Asilimia 10 ya mapato ya ndani iende kwa vikundi, bila riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Sheria ilikuwa nzuri. Kisha ripoti za ukaguzi zikaanza kuonyesha vikundi hewa, vikundi vilivyosambaratika baada ya kupokea fedha, na marejesho yasiyorudi. Aprili 2023 Serikali ikatangaza bungeni kusitisha mikopo hiyo ili kupanga utaratibu mpya, na ilipoirudisha mwaka 2024 halmashauri 10 zilianza na mpango wa kupitia benki.

Usimamizi ulifanya kazi yake, hatukatai. Lakini aliyelipa gharama ya kusitishwa ni nani? Kikundi kilichokuwa na katiba, akaunti na mpango wa kufuga kuku kilisimama sawasawa na kikundi hewa. Tunaona ukaguzi wa mwisho wa mwaka hauwezi kuziba pengo la usimamizi wa kila mwezi pale kwenye kata.

Upande wa elimu ya juu, Bodi ya Mikopo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Mwaka 2016, kupitia muswada wa marekebisho ya sheria mbalimbali, kiwango cha makato kwa wanufaika kilipanda kutoka asilimia 8 hadi 15 ya mshahara. Miswada ya namna hii tuiogope kidogo: hubeba sheria nyingi kwa pamoja, na jambo zito hupita likiwa katikati ya masahihisho madogo. Wapo waliokopa wakijua 8 wakajikuta kwenye 15. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyofanya deni likue kila mwaka, Rais alitangaza kuiondoa Mei Mosi 2021, kwenye sherehe za wafanyakazi. Ilikuwa faraja kwa wengi. Hata hivyo tungependa nafuu kama hiyo ianzie kwenye kamati za Bunge.

Kuna pia Sheria ya Baraza la Vijana la Taifa, iliyopitishwa mwaka 2015. Miaka ikapita bila baraza lenyewe kuanza kazi. Wanafunzi wa falsafa tunakumbuka Mtakatifu Thomas wa Akwino anavyodai sheria itangazwe ili iwafunge watu. Hii ilitangazwa, ila ilikosa wa kuitekeleza.

Sisi wa parokiani tunaingilia wapi? Muswada ukishasomwa mara ya kwanza hupelekwa kwenye kamati, na kamati hualika maoni ya wadau. Muda huwa mfupi, kwa hiyo VIWAWA na halmashauri za walei wasisubiri barua ya mwaliko. Wafuatilie matangazo ya Bunge na kuandika. Na kwa mikopo ya vikundi hakuna haja ya kwenda Dodoma. Baraza la Madiwani hukutana kila robo mwaka na wananchi wanaruhusiwa kuingia kusikiliza. Kabla ya kikao, vijana wamfuate diwani wao wakiwa na maswali matatu yaliyoandikwa: robo hii halmashauri imekusanya kiasi gani, asilimia 4 ya vijana imetengwa au haijatengwa, na vikundi gani vya kata yetu vimepewa.