Shingo yako na simu mkononi

Je, msomaji, umewahi kwenda Sironga, Nyamira, kupiga picha za mashamba ya majani chai, kisha ukarudi na maumivu ya shingo? Usikimbilie kuilaumu matatu. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 5 hivi. Mwaka 2014, Kenneth Hansraj, daktari mpasuaji wa New York, alikadiria kwamba ukikiinamisha nyuzi 60, shingo hubeba mzigo wa kilo 27. Huo ni zaidi ya debe la maji! Nawe hukaa hivyo saa nzima ukichagua picha ya kuweka Facebook.

Inua simu hadi usawa wa macho, viwiko ukiviegemeza. Lakini ganzi ikishuka mkononi, au mkono ukilegea, usiridhike na tembe za dukani. Mwone daktari.