Merikebu ya Sultana na Zawadi Aliyokatazwa Rais

Wengi wetu hapa Magu tukitajiwa Marekani na kanda hii ya Ziwa huanzia kwa Stanley, aliyefika Kageye, kwenye Ghuba ya Speke, Februari 1875, akigharimiwa na magazeti mawili, moja la London na jingine la New York. Lakini palikuwa tayari na mfanyabiashara wa Kiislamu hapo, ambaye Stanley anamtaja kwa jina la Sungoro Tarib, naye alikuwa akiunda jahazi la kusafiria ziwani. Na nguo iliyokuwa ikibadilishwa kwa pembe njia nzima toka pwani ilikuwa imemtangulia Stanley kwa miaka mingi. Nguo hiyo ni merikani, na jina lenyewe linasema ilikotoka.

Merikani ilifumwa Massachusetts, na wafanyabiashara wa mji wa Salem ndio walioileta Unguja, wakarudi na pembe, sandarusi, karafuu na ngozi. Biashara hiyo ilikuwa na mkataba. Tarehe 21 Septemba 1833, mjini Maskati, Sayyid Said bin Sultan alitia saini na Edmund Roberts, mjumbe wa Rais Andrew Jackson, na mwaka 1837 Richard Waters wa Salem akafika Unguja kuwa konseli wa kwanza wa Marekani.

Ndugu msomaji, mkataba huo una mambo mawili ya kifiqhi. La kwanza ni ushuru. Wamarekani walikubaliwa kulipa asilimia 5 tu ya bidhaa walizoteremsha. Sayyidna Umar (r.a.), kama wanavyopokea mafaqihi, aliweka sehemu ya kumi kwa mfanyabiashara atokaye nchi isiyo na mapatano na Waislamu, na nusu yake kwa dhimmi. Kwa hiyo mgeni wa Salem alitozwa kiwango cha dhimmi. Hilo halina tatizo, kwani Mashafii wamemruhusu kiongozi kupunguza ushuru huo akiona maslaha. La pili ni mabaharia waliovunjikiwa na chombo. Imeandikwa kuwa watatunzwa kwa gharama ya Sultani, wala hatapokea malipo yoyote kwa kumsaidia aliyefikwa na shida. Mwaka 1835 meli ya kivita Peacock, iliyokuwa imemchukua Roberts huyo huyo, ilikwama karibu na kisiwa cha Masira, na Sayyid akatimiza alichoandika.

Linalotugusa zaidi ni la mwaka 1840. Tarehe 30 Aprili merikebu ya Sultana ilitia nanga New York, na mjumbe wa Sayyid, Ahmad bin Naaman, akashuka na tende, kahawa, mazulia, pembe na karafuu za kuuza. Alikuja pia na zawadi za Rais Martin Van Buren: farasi wawili wa Kiarabu, lulu, shali za Kashmiri, upanga uliopambwa kwa dhahabu. Rais akazikataa. Hakukusudia kumvunjia heshima Sayyid. Katiba yao inamkataza mwenye cheo cha dola kupokea kitu kwa mfalme wa kigeni bila idhini ya Bunge. Bunge likaruhusu zipokewe kwa niaba ya dola, farasi wakauzwa na fedha zikaingia hazina. Serikali yao nayo ikaikarabati Sultana kwa gharama yake, na mwezi wa Agosti ikarudi na zawadi kwa Sayyid, zikiwemo bunduki na bastola.

Msomaji asidhani hukumu hiyo ni ngeni kwetu. Mtume (s.a.w.) alimkemea hadharani mkusanya zaka aliyegawa alichokileta mafungu mawili, hili lenu na hili nimezawadiwa, akamuuliza kama angezawadiwa lau angekaa nyumbani kwa wazazi wake. Na Tabari anasimulia kuwa Ummu Kulthum, mke wa Sayyidna Umar, alimpelekea manukato malkia wa Rumi, naye akarudishiwa kidani. Umar akakitia Baitul-mali, akamlipa mkewe kiasi cha gharama yake tu, kwa hoja kwamba aliyekibeba alikuwa mjumbe wa Waislamu wote. Sisi tunaoshika fedha za misikiti na zaka tusizisome habari hizi kama za Van Buren peke yake.

Wala hatutaki kuipamba biashara ile. Pamba ya viwanda vya Massachusetts ililimwa na watumwa wa majimbo ya kusini ya Marekani, na karafuu za Unguja zilichumwa na watumwa pia. Mtumwa wa pande zote mbili hakuulizwa lolote pale Maskati. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 viliikata pamba ile na kuumaliza utumwa wa Marekani. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe ulibaki hadi amri ya 1897, na huku Tanganyika hadi 1922. Nguo za Bombay na Manchester zikashika nafasi sokoni, na watu wakaendelea kuziita merikani.